Nzuri, Ila…: Namna ya Kuomba Maoni Juu ya Mswada wa Hadithi

(Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya waandishi, walimu na wasomaji. Umechapwa kama ulivyosemwa, isipokuwa marudio machache yaliyopunguzwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa safu ya mbele, shikamooni. Walimu wangu, maana namwona hapa mmoja aliyenifundisha kuandika insha na mwingine aliyenichapa kwa ajili ya insha hizo hizo, shikamooni pia. Waandishi wenzangu, mabibi na mabwana, na nyinyi wanafunzi mliosimama ukutani kwa kukosa viti: habari za jioni?

(Ukumbi: Nzuri!)

Ahsanteni. Mmejibu "nzuri" wote kwa pamoja, na najua humu ndani wako waliokuja na njaa, wako waliotoka kugombana nyumbani, na yupo mmoja aliyeniambia mlangoni kuwa jino linamuuma tangu juzi. Naomba mlikumbuke jibu lenu, maana nitalirudia baada ya dakika mbili.

Nimeitwa nizungumze juu ya maoni. Mtu amemaliza mswada wa riwaya au wa hadithi fupi. Ayapateje maoni ya kumfaa kabla kazi haijafika mtamboni? Lengo langu ni hilo tu. Kuandika kwenyewe sifundishi leo, wala sina siri ya kumpata mchapishaji. Nataka tukae kwenye ile miezi ambayo hadithi imekwisha kwenye karatasi lakini bado inaweza kubadilika. Kitabu kikishachapwa nakala 1,000, kosa moja limekuwa makosa 1,000, na kila moja lina bei nyuma ya jalada.

Mtauliza, mhariri yuko wapi? Yupo, na anayempata mhariri mzuri amshike kwa mikono miwili. Lakini wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na riwaya ya mtu asiyejulikana husubiri zamu yake. BAKITA nao hutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya kiada. Ni kazi ya maana, ila ithibati ya lugha haimwambii mwandishi kwamba mhusika wake mkuu anachosha. Hilo itabidi alitafute mwenyewe, kwa watu alionao.

Hoja ya kwanza: swali letu la kawaida ni salamu

Turudi kwenye "nzuri" yenu. Mtu akikuuliza hujambo, unajibu sijambo, hata kama umetoka hospitali saa hiyo na bahasha ya dawa iko mkononi. Ndivyo tulivyolelewa. Habari za nyumbani? Nzuri, ila bibi anaumwa. Habari za safari? Nzuri, ila gari iliharibika Segera, tumelala njiani. Habari za kazi? Nzuri, ila tumepunguzwa. Mwenye akili haishughulikii ile "nzuri". Anangoja "ila".

Sasa mwandishi anampa rafiki yake mswada wa kurasa 210. Baada ya wiki tatu wanakutana, naye anauliza, "Umeionaje?" Kwa Kiswahili chetu hiyo ni salamu, na salamu hujibiwa kwa salamu: "Nzuri sana. Hongera. Una kipaji." Mwandishi anafurahi, hangoji "ila", anakwenda zake kutafuta mchapishaji.

Nasema haya kwa sababu yamenipata. Riwaya yangu ya kwanza niliwapa watu sita wakati bado ni mswada. Wote sita walinipongeza, na mmoja akaniambia nimetisha. Kitabu kikatoka. Mwaka uliofuata nikakutana na yule yule niliyemtisha, tuko msibani, tumekaa kwenye jamvi tunangoja maiti itolewe, naye kwa kutafuta la kusema akaniambia kuwa sura ya tisa aliiruka yote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuvunja moyo, ndugu yangu."

Sura ya tisa ndiyo niliyokuwa naiona bora kuliko zote.

Wapo wanaosema dawa ni kuwa wakali, tuambiane ukweli mkavu. Mimi siamini. Nimewahi kukaa kwenye kikao cha ukweli mkavu. Kila mtu alionyesha makali yake, na mwenye mswada, binti wa miaka ishirini na kitu, aliufunga kwenye mfuko wa plastiki na hatujamwona tena. Adabu tunayo, tubaki nayo. Kinachotakiwa ni swali ambalo mtu mwenye adabu anaweza kulijibu kwa ukweli bila kujiona kuwa amemtukana mwenzake.

Hoja ya pili: mwombe akusimulie

Swali lenyewe ni hili: "Nisimulie hadithi yangu."

Hapa nitakaa kidogo, Mwenyekiti, na ikibidi uzile dakika za hoja nyingine.

Mswada wangu wa pili nilimpa jirani yangu wa Ngamiani, fundi cherehani, mama wa makamo aliyeishia darasa la saba na anayesoma kila kinachopita mbele yake, pamoja na magazeti yanayofungiwa maandazi. Nilimpa kurasa zilizobanwa vizuri na penseli ya kuandikia pembeni. Penseli aliirudisha bila kuchongwa. Siku tuliyopatana nilimkuta ana rundo la sare za shule, Januari ile, wazazi wanampigia simu kila dakika kumi. Nikamwambia, "Mama, sitaki kujua kama ni nzuri. Nataka unisimulie, kana kwamba mimi sijaisoma."

Aliondoa mguu kwenye pedali. "Yote?"

"Yote unayoikumbuka."

Akaanza na mama mkwe. Sasa, riwaya ile inaanza na kijana aitwaye Idi, anarudi kutoka Dar es Salaam na cheti chake na aibu yake. Mama mkwe haingii mpaka ukurasa wa 63. Yeye alianza hivi: "Kuna mama mmoja kaficha barua." Kisha akaenda nusu saa bila kupumzika. Barua ilifichwa kwenye debe la mchele. Mtoto akaiona wakati wa kupima. Mtoto akafundishwa kusema hakuiona. Akanieleza hata jinsi yule mama alivyokuwa akijifanya kuchambua mchele kila mgeni akibisha hodi. Nilikuwa nimeandika hayo kwa mistari minne, naye alinirudishia sherehe nzima. Mwisho kabisa akaokota uzi sakafuni, akasema, "Na yule kijana, nani vile jina lake, akaja akaondoka."

Akaja akaondoka. Miaka miwili nilikuwa naandika habari za Idi.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari. Aliyoyaruka yalikuwa sura nne za chuo, mabweni na mapenzi ya Idi. Hazikumbakia hata kidogo. Mambo mengine aliyapanga upya: mimi niliweka msiba kwanza na ugomvi wa ndugu wawili baadaye, yeye akautanguliza ugomvi, kwa sababu bila ugomvi haieleweki kwa nini ndugu wale wamekaa pande mbili za jamvi. Na kuna aliloliongeza. Aliniambia kwamba yule mtoto alikwenda kumwambia babu yake. Nikamuuliza amelisoma ukurasa gani. "Si umeandika wewe?" Sikuandika. Niliandika usiku ule ule.

Mnaona alivyofanya? Hakunitukana, hakunikosoa, wala hakusema neno "mhusika" wala "msuko". Kama ningemuuliza ameionaje, angesema nzuri, tungekunywa chai. Ulimi wake una adabu, lakini kumbukumbu haijui adabu: inashika kilichoishika, inaacha kilichoiacha.

Jambo hili limetokea mbali na Ngamiani pia. Mwaka 1957 mwandishi wa Marekani, Harper Lee, alikabidhi mswada kwa kampuni ya J. B. Lippincott. Ulimhusu mwanamke mtu mzima anayerudi mji wa kwao kutoka New York. Mhariri Tay Hohoff aliusoma akaona kwamba uhai uko kwenye kumbukumbu za utoto wa mwanamke yule, akamshauri mwandishi aende huko. Lee aliandika upya kwa zaidi ya miaka miwili. Kilichotoka mwaka 1960 ni To Kill a Mockingbird, kinachosimuliwa kupitia utoto ule, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Mswada wa mwanzo nao ulikuja kuchapwa mwaka 2015 kwa jina la Go Set a Watchman, kwa hiyo anayetaka anaweza kuviweka viwili mezani akalinganisha. Mimi nimefanya hivyo. Ni kama kumwona jirani yako kwenye picha ya zamani: macho ni yale yale, mengine yote si yeye.

Masharti ya kusimuliwa ni machache, na yanauma. Usimsahihishe msimulizi. Mkono utawasha, utataka kusema, "Hapana, dada yake ndiye aliyefariki." Nyamaza. Akichanganya dada wawili, wewe ndiye uliyewaita Zaina na Zainabu. Usijitetee. Usimweleze ulichokusudia, maana kitabuni hutakuwepo kueleza.

Swali la pili la kuongezea, nalo halina matusi: "Uliuweka chini wapi ukaenda kufanya jambo jingine?" Mtu hulijibu kwa furaha, kwa sababu lawama inaangukia shughuli zake. "Niliishia pale wanapokwenda benki, nikaenda kutazama maharage." Andika ukurasa huo. Kwenye kurasa nzuri maharage huungua. Kwenye kurasa mbaya huiva vizuri.

(Naona akina mama wanacheka. Wamezijua kurasa hizo.)

Hoja ya tatu: mtafute mwenye jambo lake

Katika mswada wangu huo huo wa pili nilikuwa na mhusika anayetoka Tanga kwa gari, anavuka Mto Pangani kwa kivuko, anaingia Pangani mjini adhuhuri. Msahihishaji wa lugha alipita hapo akaongeza mkato mmoja. Mchuuzi wa samaki aliyeisoma sura ile alicheka mpaka akajishika ubavu. "Umevuka kwenda wapi? Mjini si umeshapita!" Kivuko kinakwenda Bweni, ng'ambo ya kusini. Anayetoka Tanga huingia Pangani mjini bila kulowa hata kisigino. Na mimi njia ile nimepita tangu utoto! Lakini hadithi ilitaka mto, nikaipa mto, macho yangu yakafumba.

Nahodha mmoja mstaafu akanipata pengine. Nilikuwa na wapenzi ufukweni, mwezi mpevu, na bahari nikaiandika kuwa maji mafu, kwa kuwa neno lilinipendeza masikioni. Mzee aliuliza kwa upole kama wapenzi wale wako kwenye bahari hii tunayoijua. Mwezi ukiwa mpevu maji ni bamvua. Maji mafu utayapata mwezi ukiwa nusu. Nilibadilisha bahari, na nilipoibadilisha nikagundua kwamba bamvua inawafaa zaidi: maji yanapanda, wanalazimika kusogea, na kila wanaposogea wanakaribia nyumba ya baba yake binti.

Mfano mkubwa wa jambo hili uko kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliupeleka mswada wa tamthilia yao ya Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, kwa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wakulima na wafanyakazi waliokuwa wakitazama wakawa wanaingilia: mzee hazungumzi hivi, wimbo huu hauimbwi hivi. Walioandika wakaandika tena. Tamthilia ilionyeshwa Oktoba mwaka huo, na serikali ikaizuia Novemba. Nadhani sehemu ya nguvu iliyoitisha serikali ilitoka kwa wale wazee waliokuwa wakisema "si hivyo".

Waandishi wenzetu je? Wanafaa, kwa tahadhari. Ngũgĩ wa Thiong'o huyo huyo, akiwa mwanafunzi Makerere mwaka 1962, alimpa Chinua Achebe mswada uliokuja kuwa Weep Not, Child, na mambo yakamwendea vizuri. Lakini si kila mwandishi ni Achebe. Wengi wetu tukipewa mswada wa mtu tunaanza kuandika riwaya yetu juu ya yake. Nikiwemo mimi, waulizeni vijana walioniletea kazi.

Hoja ya nne: sauti

Hii ni fupi. Soma sura moja kwa sauti mbele ya watu wasiopungua watatu. Usiwatazame usoni, uso una adabu kama ulimi. Tazama miguu na simu. Bibi zetu walipoanza ngano kwa "Paukwa!" walikuwa wanangoja "Pakawa!", na kila mara walirudia kuita kupima kama watoto bado wako macho. Kusoma kwa sauti kutakuonyesha pia kama mhusika wako wa Bukoba anazungumza kama mtu wa Mvita, jambo ambalo jicho husamehe na sikio halisamehe.

Hoja ya tano: msomaji ni njiti ya kiberiti

Mtu huisoma hadithi kwa mara ya kwanza mara moja tu. Ukiwapa watu wako wote kumi rasimu ya kwanza, umewasha kiberiti kizima kutafuta ufunguo. Rasimu ya pili utampa nani? Wameshaijua barua ilipo. Wape wawili, andika upya. Wape wengine wawili. Mmoja mweke akiba hadi mwisho kabisa, asisikie hata jina la kitabu. Mimi huyo wa akiba ni shemeji yangu, na nimemkataza mke wangu kuzungumza naye habari za kazi yangu. Mke wangu anaona nimechanganyikiwa.

Hapo hapo nijibu swali ambalo daima huulizwa mwishoni: "Wakiniibia je?" Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inakulinda tangu ulipoiandika kazi yako. Hungoji mpaka uchapwe. Kisicholindwa ni wazo tupu. Kwa hiyo mtu anayepita vijiweni akisimulia riwaya ambayo hajaiandika ndiye aliye hatarini zaidi kuliko mwenye mswada uliobanwa. Ila usimtumie kila mtu faili kwa simu. Wizi si hoja yangu hapa: faili la simuni husomwa kwenye daladala kati ya ujumbe mmoja na mwingine, halafu unaambiwa sura zimekatikakatika.

Hoja ya sita: pokea maumivu, dawa itafute mwenyewe

Msomaji akisema "hapa pamenichosha", mwamini. Akisema "ungemwua yule mjomba", mshukuru, kisha usimwue mjomba kwanza. Mgonjwa anajua panapomuuma. Akianza kujiandikia sindano, daktari humsikiliza na kupima mwenyewe. Wasomaji wangu watatu waliwahi kulalamikia mwisho wa hadithi fupi, kila mmoja akapendekeza mwisho wake. Mmoja alitaka arusi. Mwisho haukuwa na kosa. Ukurasa wa pili ndio uliokuwa umeahidi jambo ambalo sikulilipa. Nilipolifuta, malalamiko ya mwisho yakafa yenyewe.

Na sifa pia hupimwa. Mwaka 1956 Achebe alikuwa London kwa mafunzo ya BBC, na alikuwa na mswada wa riwaya iliyobeba vizazi vitatu vya familia moja. Alimwonyesha Gilbert Phelps, mwandishi na mkufunzi wa hapo. Phelps aliupenda, akataka kuupeleka kwa wachapishaji wake. Hebu jiwekeni mahali pa kijana yule wa miaka 25, ugenini, anaambiwa hivyo! Achebe alikataa. Alisema bado unahitaji kazi. Akarudi nao Nigeria, akaondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na habari za mkulima wa viazi vikuu aitwaye Okonkwo. Kitabu kilitoka mwaka 1958, nasi Waswahili tunakijua kwa jina la Shujaa Okonkwo. Habari za kizazi cha tatu alizitolea kitabu mwaka 1960, ambacho kwa Kiswahili ni Hamkani si Shwari Tena.

Nasikitika kuongeza kwamba nakala pekee ya mswada ule, iliyoandikwa kwa mkono, aliituma London kwa posta ikapigwe chapa, na wapiga chapa wakaitelekeza miezi mingi mpaka mwenzake wa kazini aliyekuwa likizo Uingereza alipokwenda kuwadai. Toeni nakala, jamani. Steshenari zipo kila mtaa.

Ndugu Mwenyekiti, natazama saa na wewe pia unaitazama. Mbele yetu naona jambo linalowezekana hapa Tanga bila bajeti wala kamati. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya alasiri, tukae barazani, kila mara na mswada mmoja wa mmoja wetu. Walioupata watasimulia, mwenyewe atakaa na daftari mdomo umefungwa. Walimu wa sekondari waje na wanafunzi wawili wawili. Wale wa bandarini na wa sokoni tuwafuate sisi, maana hawatakuja wenyewe kusikiliza watu wakijiita waandishi. Kahawa na kashata za kikao cha kwanza ni juu yangu. Za pili mtajua wenyewe.

Na kwa kuwa mwenye kupendekeza hutangulia, nimekuja na sura ya tatu ya mswada mpya. Nakala ziko nane, mezani pale karibu na mlango, kurasa 22 kila moja. Sitawauliza mmeionaje. Atakayeimaliza anisimulie, na asiyemaliza aniambie ameishia ukurasa wa ngapi na alikwenda kupika nini.